Asilimia 20 ya nyumba kwa walimu: Mkopo upi, na nyumba wapi?

Mwisho wa mwezi ukikaribia, mwalimu wa Kenya huingia kwenye mfumo wa T-Pay wa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) na kuisoma hati yake ya mshahara kutoka chini kwenda juu. Kwanza anatazama kilichobaki. Kisha anapanda, mstari baada ya mstari, kujua nani amechukua nini: Sacco, benki, chama cha walimu, pensheni, bima ya afya, kodi ya mapato.

Mnamo 2023 uliongezeka mstari mwingine, ushuru wa nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato. Kwa mwalimu anayelipwa Sh50,000 hiyo ni Sh750 kwa mwezi, yaani Sh9,000 kwa mwaka, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho.

Jumamosi ya Septemba 13, 2025, maelfu ya walimu walialikwa Ikulu jijini Nairobi. Pale Rais William Ruto akatoa ahadi iliyougusa mstari huo moja kwa moja: asilimia 20 ya nyumba za bei nafuu zinazojengwa na serikali zitatengewa walimu, pamoja na mikopo ya riba ya tarakimu moja.

Makofi yalikuwa mengi, na yalistahili. Mwalimu wa shule ya umma amesubiri kwa miaka mingi serikali imkumbuke katika suala la makao. Ila kutengewa nyumba ni jambo moja, na kuweza kuilipia ni jambo lingine kabisa. Makala haya yanachunguza hilo la pili.

Nani alikopeshwa kwanza

Watumishi wa serikali kuu wamekuwa na mfuko wao wa mikopo ya nyumba tangu 2004, na riba yake ni asilimia 5. Wabunge wana wao pia: mkopo wa nyumba wa hadi Sh20 milioni kwa riba ya asilimia 3.

Mwalimu wa darasani, aliyeajiriwa na TSC, hakuwa katika mifuko hiyo. Alichoachiwa ni soko la benki na ushirika wake mwenyewe.

Soko la benki halikumfaa. Nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 47 kwa hesabu ya sensa ya 2019 ina mikopo ya nyumba ya benki takribani 30,000 tu. Wastani wa mkopo mmoja ni zaidi ya Sh9 milioni, na wastani wa riba mwaka 2023 ulipita asilimia 14. Takwimu hizo za Benki Kuu zinaonyesha wazi kwamba mkopo wa nyumba Kenya ulikuwa bidhaa ya watu wachache wenye kipato kikubwa.

Kwa hivyo walimu walijitegemea. Waliunda vyama vya kuweka na kukopa, na vyama hivyo vikakua hadi vikabadili majina. Imarika ya Kilifi ilianza kama Sacco ya walimu wa Kilifi. Tower ilikuwa ya walimu wa Nyandarua. Imarisha ilikuwa ya walimu wa Kericho na maeneo jirani. Mwalimu National, kubwa kuliko zote hizo, haikuwahi kuficha asili yake.

Hizi Sacco nne si historia tu. Zote ni wanahisa wa Kampuni ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba Kenya, KMRC, iliyosajiliwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu 2020. Wanahisa wengine ni Wizara ya Fedha, benki kadhaa, Sacco nyingine saba, na mashirika ya kimataifa ya fedha.

KMRC haimkopeshi mwananchi. Inakopa kwa bei ya jumla, ikiwemo kutoka Benki ya Dunia iliyotoa Dola 250 milioni na Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyotoa Dola 100 milioni, kisha inazipa benki na Sacco fedha kwa riba ya takribani asilimia 5. Nazo humkopesha mteja kwa asilimia 9 hivi, kwa muda mrefu ambao Sacco peke yake isingeweza kuumudu, kwa kuwa akiba za wanachama huweza kudaiwa wakati wowote.

> Walimu walijenga Sacco zao wenyewe. Leo Sacco hizo ni wanahisa wa kampuni inayoshusha riba ya mikopo ya nyumba.

Mlango wa mwalimu, basi, ulikwisha kufunguliwa kabla ya ahadi ya Ikulu. Swali ni kwa nini wanaoupita ni wachache. Kabla ya kulijibu, tuutazame ushuru wenyewe.

Ushuru uliopita mahakamani

Wazo la kumkata mfanyakazi ili kujenga nyumba si la serikali hii pekee. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipotangaza Ajenda Nne Kuu mwishoni mwa 2017, nyumba 500,000 zilikuwa mojawapo. Makato ya asilimia 1.5 yaliingizwa katika sheria ya fedha ya 2018, yakazuiwa mahakamani, na hayakuwahi kushika kasi.

Serikali ya Ruto iliyarudisha kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 3, likapunguzwa hadi 1.5. Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba, hasa kwa kuwabagua walioajiriwa rasmi. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuruhusu makato yaendelee wakati rufaa ikisubiri.

Bunge likatunga sheria mpya. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 19, 2024, na sasa ushuru ukawahusu hata wasio na mwajiri. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikatupilia mbali kesi zilizoipinga.

Sheria hiyo iligawa wananchi kwa kipato. Anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii. Kati ya Sh20,000 na Sh149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Anayezidi hapo ana kundi lake. Kuna pia kundi la nne ambalo halizungumzwi sana, la nyumba za bei nafuu za mashambani. Hilo nitalirudia, kwa sababu naamini ndipo lilipo jibu la mwalimu.

Walimu wengi wanaangukia kundi la pili. Mwalimu mwanagenzi wa Sekondari Msingi, aliyelipwa Sh20,000 kwa mwezi mpango wa wanagenzi hao ulipoanza 2023, alisimama juu ya mpaka wenyewe wa kundi la kwanza na la pili.

Hesabu ya mwalimu wa Sh50,000

Tuchukue mfano wa mwalimu anayepata jumla ya Sh50,000. Kodi ya mapato, pensheni, bima ya afya na ushuru wa nyumba vitamwondolea, kwa makadirio yangu, kama Sh11,000. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili zake ni Sh33,300. Ukiondoa makato ya lazima, nafasi iliyobaki kwa mikopo ya kila aina ni kama Sh22,000.

Sasa anataka mkopo wa Sh2 milioni kwa miaka 20.

Kwa riba ya benki ya asilimia 14, atalipa takribani Sh24,900 kila mwezi. Haifai. Hati ya mshahara itakataa kabla hata afisa wa mikopo hajafungua faili.

Kwa riba ya asilimia 9, ile ya fedha za KMRC, malipo yanashuka hadi Sh18,000. Inafaa, lakini kwa sharti moja: asiwe na mkopo mwingine wowote. Kwa riba ya asilimia 6 ni Sh14,300.

Tofauti kati ya asilimia 14 na 9 ni karibu Sh7,000 kwa mwezi, na kwa miaka 20 inafika Sh1.65 milioni. Hiyo ni thamani ya nyumba ya pili. Anayedharau mikopo yenye mkono wa serikali kwa madai kwamba punguzo la riba ni dogo hajawahi kukaa chini na kalamu.

Lakini mwalimu asiye na mkopo ni nadra kama mvua ya Januari huko Garissa. Karo ya mtoto wa chuo, matibabu ya mzazi, harambee za kijiji, vyote hivi hulipwa kwa mkopo wa Sacco. Tuseme mwalimu wetu alikopa Sh500,000 za karo kwa miaka minne kwa asilimia 12 ya salio linalopungua, riba ya kawaida ya Sacco. Anakatwa Sh13,200 kila mwezi. Nafasi yake imebaki Sh9,000.

Kwa Sh9,000 hizo, na riba ya asilimia 9 kwa miaka 20, anaweza kukopa Sh1 milioni kamili, si zaidi.

> Mwalimu wa Sh50,000 mwenye mkopo mdogo wa karo anaweza kubeba mkopo wa nyumba wa Sh1 milioni. Hiyo ndiyo saizi halisi ya ahadi.

Umri nao una neno. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60. Aliyefika 45 hana miaka 20 ya kulipa, ana 15, na mkopo ule ule wa Sh2 milioni kwa asilimia 9 unampandia hadi Sh20,300 kwa mwezi. Wengi wanaomaliza kusomesha watoto na kupata nafuu kwenye mshahara hupata nafuu hiyo wakati muda wa kulipa umebana.

Zipo dalili kwamba nafasi itapanuka kidogo. Mkataba wa malipo wa 2025 hadi 2029, uliotiwa saini Julai 2025 kati ya TSC na vyama vya walimu, una thamani ya Sh33.8 bilioni, na nyongeza zake zinakuja kwa awamu. Kila elfu moja inayoongezeka kwenye mshahara inafungua mlango wa mkopo kwa kiasi fulani. Ila bei ya saruji na mabati haisubiri awamu.

Muda ni mzito kuliko riba

Kuna jambo linalofichika watu wanapobishana kuhusu riba. Mwalimu akikopa Sh2 milioni zile zile kwenye Sacco kwa asilimia 12, riba iliyo chini ya ile ya benki, na kupewa miaka sita ya kulipa, atakatwa Sh39,100 kwa mwezi. Ni zaidi ya mara mbili ya malipo ya KMRC ya miaka 20.

Ndiyo maana nyumba nyingi za walimu vijijini hujengwa kwa mikopo midogo inayofuatana. Mwaka huu msingi na jamvi. Ukiisha mkopo huo, mwingine wa mawe na kufunga lenta. Wa tatu ni mabati na mbao. Milango na madirisha husubiri, wakati mwingine mpaka hundi ya kustaafu itoke. Ukipita barabara ya Nyahururu hadi Ol Kalou, au ile ya Kilifi kwenda Ganze, utaziona: kuta zilizofika kwenye lenta na kuota majani juu, kando yake nyumba ya udongo au mabati ambamo familia bado inaishi.

Wachumi wanaweza kuuita ujenzi huo wa kizamani. Mimi nauona kama hesabu ya busara ya mtu ambaye hakupewa mkopo wa muda mrefu. Tatizo ni kwamba mfumo wa mikopo ya nyumba haujui kuutambua. Mthamini wa benki anataka nyumba iliyokamilika, yenye cheti cha kukaliwa. Nyumba iliyofika lenta kwenye shamba la familia haina thamani machoni pake, ingawa mwenyewe ameshatia humo akiba ya miaka minane.

Nyumba iko mjini, mwalimu yuko kijijini

Miradi ya nyumba za bei nafuu inayojulikana zaidi iko mijini: Park Road eneo la Ngara, Mukuru, Starehe, Shauri Moyo, na mingine kwenye miji mikuu ya kaunti. Ni maghorofa, na mantiki yake ni sahihi. Ardhi ya mjini ni ghali, watu ni wengi, na sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya nne kati ya tano za mijini hukaa nyumba za kupanga.

Ila shule za Kenya zimetapakaa vijijini, na walimu wake wapo huko. Anayefundisha Marigat au Mwingi Kaskazini atanunua chumba kimoja Nairobi ili akae nani? Akikipangisha, amekuwa mwenye nyumba kwa ruzuku iliyokusudiwa wasio na makao.

Kisha kuna uhamisho. Kuanzia 2018 TSC ilihamisha maelfu ya walimu kutoka kaunti zao za nyumbani chini ya sera iliyozua uchungu mkubwa, na ambayo baadaye ililegezwa baada ya wabunge kuingilia. Walimu hawajasahau. Mwenye mkopo wa miaka 20 juu ya nyumba iliyo Nakuru, akipelekwa Wajir, atalipa rehani huku na kodi ya nyumba kule. Na sheria ya 2024 haimruhusu kuuza nyumba hiyo bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.

Zuio hilo la kuuza lina sababu nzuri, na nitaieleza mbele. Lakini kwa mfanyakazi anayehamishwa na mwajiri wa umma, ni mzigo unaohitaji kanuni yake maalumu. TSC na Bodi ya Nyumba ni mikono miwili ya serikali moja. Inawezekana kabisa kwa mwalimu anayehamishwa kubadilishana nyumba na mwenzake aliye kaunti nyingine, au kurudisha nyumba kwa Bodi na kupewa hesabu yake.

Hatimiliki, kikwazo cha kimya

Tuseme serikali imekubali kwamba nyumba imfuate mwalimu kijijini, naye anapewa mkopo wa kujenga nyumbani kwao. Mkopeshaji ataomba dhamana. Dhamana ni ardhi. Na ardhi nyingi ya familia bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, wala mirathi haijafunguliwa kwa sababu ndugu tisa hawajakubaliana.

Pwani hali ni ngumu zaidi. Mwalimu mwanachama wa Imarika anaweza kuwa na miaka 25 kazini, akiba nono, na mshahara usio na doa, lakini kiwanja alichozaliwa Magarini au Kaloleni hakina hatimiliki kwa jina la mtu yeyote wa ukoo wake. Suala la maskwota wa Pwani lina umri mrefu kuliko jamhuri yenyewe. Hakuna riba ya asilimia 9, wala ya 3, inayoweza kulivuka.

Sacco zililitatua tatizo hili kwa njia yao: wadhamini. Wenzako watatu au wanne wanatia saini, akiba zao zinashikiliwa, na wewe unakopa. Njia hiyo imebeba mikopo ya mabilioni kwa miaka hamsini. Lakini haifai kwa mkopo wa miaka 20, kwa sababu hakuna mwalimu atakayekubali akiba yake ifungwe kwa deni la mwenzake mpaka wote wastaafu.

Hapa ndipo mkono wa serikali una maana ya kweli. Badala ya kupunguza riba tu, serikali inaweza kusimama kama mdhamini wa sehemu ya mkopo kwa mwalimu asiye na hatimiliki ila mwenye mshahara wa uhakika unaokatwa kwenye chanzo. Hatari ni ndogo. TSC hulipa kila mwezi, na mwalimu wa kudumu hapotei hovyo. Fedha za ushuru wa nyumba zingefanya kazi mara nyingi zaidi zikiwa dhamana kuliko zikiwa mawe na vyuma.

> Mwalimu ana mshahara wa uhakika na hana hatimiliki. Benki inataka hatimiliki.

Wasio na hati ya mshahara

Upande wa pili wa mjadala huu una watu ambao hawakualikwa Ikulu siku ile.

Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya iko katika sekta isiyo rasmi. Fundi wa mjengo, mama mboga, dereva wa bodaboda, mfua nguo mtaani: hawa ndio waliotajwa zaidi wakati mpango wa nyumba ulipokuwa ukiuzwa kwa wananchi. Sheria ya 2024 inawataka nao walipe asilimia 1.5 ya kipato chao.

Mei 20, 2025, Rais alikabidhi nyumba 1,080 za mtaa mpya wa Mukuru, awamu ya kwanza ya mradi wa nyumba zaidi ya 13,000. Chumba kimoja kililipiwa Sh3,900 kwa mwezi na vyumba viwili Sh5,350. Kwa watu waliokuwa wakilipa kodi kwa vibanda vya mabati visivyo na maji wala choo cha ndani, hilo si jambo dogo, na nadhani wapinzani wa mpango huu walikosea kulipita haraka. Mama aliyepewa ufunguo pale hakupewa hotuba. Amepewa bomba, choo, na mlango unaofungwa.

Shida ya kaya ya kipato cha chini haiko kwenye malipo ya kila mwezi peke yake. Iko kwenye amana. Sheria ilitaka mwombaji aweke asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba ya Sh640,000, hiyo ni Sh64,000 za kukusanya na mtu anayelipwa kwa siku, na ambaye mvua ikinyesha wiki nzima halipwi. Mwalimu anaweza kukopa amana hiyo kwenye Sacco kwa saa mbili. Mfua nguo hana Sacco.

Kwa hiyo nina wasiwasi na ile asilimia 20, licha ya kuiunga mkono. Walimu wa TSC wanazidi 350,000 na wafanyakazi wa sekta rasmi wanazidi milioni tatu, maana yake walimu ni kama sehemu moja kati ya tisa ya wanaokatwa. Wametengewa sehemu moja kati ya tano. Wauguzi na polisi wana haki ya kuuliza mgao wao uko wapi, na watauliza.

La muhimu zaidi ni asilimia 20 ya nini. Ikiwa itatoka kwenye nyumba za kundi la pili, hakuna aliyedhulumiwa sana. Ikigusa nyumba za kijamii, zile za watu wa chini ya Sh20,000, mwenye hati ya mshahara atamshinda asiye nayo kila siku ya juma. Historia imeshatuonyesha. Nyumba 822 za Soweto Mashariki, Kibera, zilipokabidhiwa mwaka 2016 kwa wakazi wa mtaa huo, haikuchukua muda mrefu kabla ya baadhi yao kuzipangisha kwa watu wenye uwezo zaidi na kurudi kwenye vibanda, kwa sababu kodi waliyopokea ilikuwa mapato waliyoyahitaji kuliko sakafu ya vigae. Zuio la kuuza bila idhini ya Bodi lilitokana na funzo la aina hiyo.

Serikali inasema nini, wakosoaji wanasema nini

Hoja ya serikali ina miguu. Nchi ina upungufu wa nyumba unaokadiriwa kufika milioni mbili, na mahitaji ya nyumba mpya ni takribani 250,000 kila mwaka huku zinazojengwa zikiwa karibu 50,000. Soko liliachiwa nafasi tangu uhuru na halikumjengea maskini. Katiba, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Ujenzi unaajiri vijana, na vyama vya wafanyakazi, COTU ikiwa mstari wa mbele, vimeunga mkono.

Wakosoaji, akiwemo Seneta Okiya Omtatah aliyekwenda mahakamani, wanasema mfanyakazi anakatwa kujenga nyumba ambayo hatapata, na kwamba fedha hizo ni nyingi mno kukabidhiwa Bodi moja bila uwazi wa kutosha. Waajiri wanaongeza kwamba asilimia 1.5 yao imefanya kila ajira mpya kuwa ghali zaidi.

Ninakubaliana na serikali kwamba nyumba hazitajengwa kwa maombi. Ninakubaliana na wakosoaji kwamba anayelipa ana haki ya kuona. Ila pande zote mbili zinazungumza juu ya majengo. Mwalimu anahitaji mkopo wa kiasi kinachotosha mshahara wake, wa muda mrefu, unaokubali nyumba ya kujenga kwa awamu, kwenye kiwanja ambacho tayari ni chake au cha babake.

Sheria inayo nafasi hiyo. Kundi la nyumba za bei nafuu za mashambani limo ndani yake tangu Machi 2024. Vyombo navyo vipo: KMRC ina fedha za muda mrefu, Sacco nne zilizoanzishwa na walimu ni wanahisa wake, TSC ina mfumo wa kukata mkopo kwenye chanzo. Hata Tanzania, ambayo kampuni yake ya aina hiyo, TMRC, iliitangulia yetu kwa karibu muongo mmoja, haikuwa na Sacco za walimu zenye nguvu kiasi hiki za kuanzia.

Yanayosubiriwa

Walimu hawahitaji kungoja funguo za ghorofa ili kuipima ahadi ya Septemba. Bodi ya Nyumba inaweza kuchapisha, kaunti kwa kaunti, idadi ya nyumba zilizotengewa walimu, ni za kundi gani la kipato, na wangapi wamepewa. Inaweza kueleza kama nyumba za kijamii zimewekwa nje ya mgao huo.

Wizara ya Fedha inaweza kusema ni kiasi gani cha ushuru kitaingia kwenye mikopo ya nyumba za mashambani, na kama kitakuwa dhamana kwa wasio na hatimiliki. KMRC na Sacco zinaweza kukubaliana kuhusu mkopo unaotolewa kwa awamu: msingi, lenta, paa, kila hatua ikikaguliwa kabla ya fedha zinazofuata kutoka, na malipo yakisambazwa kwa miaka 15 au 20 badala ya minne.

Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vyenye nafasi mezani na TSC, vinaweza kudai kanuni ya uhamisho kwa mwalimu mwenye rehani ya serikali. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji waraka mmoja, nao unaweza kuandikwa kabla ya uhamisho ujao wa walimu.